Harufu ya Sayansi

Stoo ilikuwa imefagiwa safi, lakini ilinuka kojo. Daktari Kihara, aliyerudi safarini asubuhi hiyo, akavuta pumzi kwa raha.

"Unasikia hiyo harufu, Kiplimo? Hiyo ndiyo sayansi."

Kiplimo, mfanyakazi wake, alikubali. Alikuwa na watoto wanne na kazi moja, angesema nini?

Miaka mitano Daktari alikuwa amepika makaa ya magunzi ya mahindi hapo Nakuru, akitafuta yatakayonasa kaboni dioksidi na kuacha hewa nyingine ipite. Makaa yake hayakubagua: yalinasa kila kitu, au hayakunasa chochote. Sasa wafadhili walikuwa wanakuja Ijumaa. Yakifeli tena, maabara inafungwa, naye anarudi kufundisha kidato cha pili kule Molo, shule aliyoiaga kwa matusi.

Safari hii alikuwa na dawa aliyoichanganya mwenyewe, pipa zima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini Daktari hakuwa mtu wa kuinama. Alikuwa na Kiplimo. Kabla ya kusafiri alimwagiza: mwagia makaa dawa, yaache stoo, yakianza kunuka kojo yameiva, tia kwenye tanuri. Kisha akaenda Naivasha wiki mbili, kufundisha wengine namna ya kufaulu. Alimwachia pia mbuzi wawili wa kuchinjia wageni, maana unyenyekevu haukuwahi kumsumbua. Mvua ilikuwa kubwa wiki hizo, na Kiplimo ni mtu wa huruma.

Ijumaa mtambo wa kupimia hewa ulionyesha makaa yamenasa karibu kaboni dioksidi yote, na hewa nyingine imepita salama. Wageni wakapiga makofi. Daktari akalia machozi ya kweli. Mkataba wa miaka mitatu ulitiwa sahihi kabla nyama haijaiva.

Wakiwa wanakula, mkubwa wao akaomba kuiona hiyo dawa. Kiplimo akatumwa. Akarudi akibingirisha pipa, limejaa, kifuniko hakijaguswa.

Daktari akamvuta kando. "Kwani makaa ulimwagia nini?"

"Sikumwaga kitu, Daktari. Siku ya tatu nilipata yananuka tu vile ulisema. Nikadhani ulimwaga mwenyewe kabla uende."

"Na nani mwingine alikuwa anaingia hiyo stoo?"

"Ni hao wawili tu," Kiplimo akasema, akielekeza kidevu kwenye sahani za wageni.