Suruali za Ngiri

Paliondokea Ngiri mmoja mwenye pupa. Alifungua duka la nguo za bei chee, likazaa la pili, na msimu haujaisha kila njia panda ya msituni ilikuwa na duka lake. Ndege Mnana, fundi cherehani, akabaki kufuta vumbi mashine yake.

"Funga tu, dada," Ngiri akamcheka. "Nani atangoja suruali wiki nzima?"

"Mimi nitawangoja wao," Mnana akajibu.

Kumbe Ngiri, kwa haraka zake, suruali zote alizikata kwa kipimo cha mwili wake mwenyewe. Ya Twiga iliishia magotini. Sungura alizama ndani ya yake, yakabaki masikio. Wateja wakarudi dukani wakifoka.

Ngiri akatimua mbio, mkia juu, hadi kwa Mnana. "Dada, niokoe! Wanataka kuyafunga maduka yote!"

Mnana akaitundika tepu yake ya kupimia shingoni. "Twende nikawapime na kuwashonea upya. Ila dukani mwako cherehani yangu haikai uani."

Siku hizi Ngiri akipata mahali pa duka jipya, kabla hajapigilia hata rafu moja, humwita Mnana kwanza.

"Dada, hapa cherehani tuiweke wapi?"

"Mlangoni," husema Mnana, "penye mwanga."