Kigoda Kando ya Mashine

Siku Hamdani alipozikwa, mashine yake ya kuuza soda pale stendi haikutoa hata chupa moja. Wiki nzima watu waliipita tu.

"Iuze, shemeji," Badi, mdogo wa marehemu, alimwambia Tunu. "Mashine gani hii inataka mtu wa kukaa nayo?"

"Watu hawatumbukizi sarafu mahali pasipo na wa kuwasalimu," Tunu alijibu.

Alikipangusa vumbi kigoda cha mumewe, akaketi kando ya mashine. Msichana mwenye begi alisimama.

"Shikamoo, mama. Yule baba yuko wapi?"

"Marahaba. Ametutoka, mwanangu. Bonyeza hapa."

Chupa ilidondoka.

Enzi za uhai wake Hamdani alimwambia Tunu asitarajie zaidi ya chupa kumi kwa siku. Sasa hutoka saba, na Tunu hukaa pale mpaka ya saba itoke.