Sosi ya Watu Wote

Uvumi huo Hatsue aliupata kwa muuza figili, na siku tatu nzima haukumtoka kichwani. Kwa Gonta, ile izakaya ya mtaa wa Dotonbori wanakojazana watalii kula na kunywa, kuna mzee wa suti anayerudisha kijiti cha chakula cha kukaanga alichokwisha kukiuma ndani ya bakuli la sosi.

"Sosi ya watu wote, mwenzangu!" jirani yake, Bi Isogai, alisema huku ameziba mdomo. "Na kabla ya kula anajifuta mwili kwa taulo la mikono. Anaanzia nyuma ya sikio."

Mengine Hatsue angeyasahau. Hilo la nyuma ya sikio lilikataa kutoka.

Na Jumatatu binti yake, Kanae, alikuwa anaanza kazi hapo hapo Kwa Gonta. Miezi saba msichana alikuwa amelala chumbani akitazama dari, haongei na mtu. Kumkataza kungekuwa kumrudisha kwenye dari. Kumwacha aende bila kuangalia, je, huyo angekuwa mama wa namna gani?

Mumewe alipokwisha kutoka kwenda kazini, Hatsue akavaa barakoa, akashusha kofia mpaka kwenye nyusi, na saa tano asubuhi akajibanza kwenye kiti cha pembeni, nyuma ya kreti za bia.

"Karibu, mama! Mbona umejificha kama mtu wa kodi?" Gonta alimpokea kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Hapa sheria ni moja. Kijiti unachovya mara moja tu. Ukitaka sosi zaidi, teka kwa jani la kabichi."

"Sheria naijua. Mimi mtu wa Osaka."

"Basi wafundishe hawa wageni, mimi koo limenikauka!"

Pahali penyewe palikuwa pazuri, hilo alikiri. Taa nyekundu, viti vifupi, mvuke wa mafuta, watu wasiojuana wamebanana bega kwa bega wakicheka. Lakini bakuli la bati lilikuwa hapo katikati, na juu ya sosi nyeusi zilielea chembe za unga na duara za mafuta.

Mzee wa suti alikaa kiti cha mwisho. Mkoba wa ofisini kauweka miguuni, kama mtu anayengoja treni. Alipoletewa taulo la moto alianza nyuma ya sikio, sawasawa na alivyosema Bi Isogai. Akaja shingoni. Akafungua vifungo viwili, akaingiza mkono hadi kwapani, akasugua, akashusha pumzi ya raha. Taulo lilitoka na rangi ya maji ya kudekia. Akalitua karibu na sahani ya msichana wa kigeni aliyekaa mkabala naye.

Hatsue akavuta barakoa hadi chini ya macho.

Mzee akauma mzizi wa yungiyungi wa kukaanga, akatafuna mdomo wazi. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Kijiti kikarudi bakulini, na kilipotoka, uzi wa mate ulivutika, ukakatika, ukaangukia humo humo. Msichana wa kigeni akachovya cha kwake palepale, akala, akalamba kidole.

"Umemwona yule?" Hatsue alinong'ona, leso kaikandamiza juu ya barakoa.

Gonta akainamisha kichwa. "Nimemwona, mama. Kila siku ya kazi, tangu mwezi wa nne. Akishaondoka namwaga bakuli zima."

"Na kabla hajaondoka watu wanakula mate yake! Mfukuze!"

"Nitamfukuzaje? Mke kamfia. Anasema marehemu ndiye aliyekuwa akimkataza kuchovya mara mbili. Sasa hana wa kumkataza."

Gonta akamimina bia mbili. Moja akampa mzee, ya pili akaitua mbele ya kiti kitupu kilichokuwa kando yake. Mzee akafumba macho, akakutanisha viganja.

"Ile ya pili ni ya marehemu," Gonta alisema. "Ile silipishi. Moyo wangu hauniruhusu."

Hatsue akaikodolea ile glasi ya pili. "Alikufa kwa nini?"

"Wasiwasi, anasema. Kila kitu kwake kichafu. Anaosha mboga mara tano, anapiga pasi hadi soksi. Wasiwasi ukapanda kichwani, mama wa watu akaanguka jikoni."

"Na lile shati alilovaa leo, kampigia pasi nani?"

"Mama, wewe mteja au polisi?" Gonta akacheka.

Mzee akafumbua jicho moja, akalitazama povu, akaivuta glasi ya marehemu na kuimaliza kwa mkupuo. Akateuka. Akajifuta mdomo kwa taulo lile lile lililotoka kwapani.

Hatsue alitoka mbio mpaka kwenye ukingo wa mfereji, akashika chuma, akatapika mbele ya watalii na kamera zao.

Nyumbani aliosha mikono mara tano. Kisha akachukua karatasi, akamwandikia Kanae, akaibandika kwenye mlango wa chumba chake:

Kazini nenda. Ila haya uyaepuke.

Usiguse taulo lililotumika bila glavu.

Usile chochote kilichopita kwenye lile bakuli. Sosi yako mwombe Gonta akumiminie pembeni.

Usikae karibu na kiti cha mwisho.

Usimhurumie mtu kwa sababu tu amevaa suti.

Na baba yako akiagiza bia ya pili, usimpe. Mwambie marehemu amekataza.