Jiwe Nyuma ya Tairi

"Umeniharibia gari, mzembe wewe!" tajiri alifoka mbele ya watu, akampokonya dereva wake, Lugano, funguo.

Lugano alikuwa amemweleza mara tatu: huku mlimani hewa ni nyepesi, dizeli haiungui yote, ndiyo maana pikapu hii kuukuu inatoa moshi mweusi na kuishiwa nguvu. Lakini mtu wa bondeni haambiliki.

Tajiri akaendesha mwenyewe, Lugano kando yake. Katikati ya mwinuko gari likazima, likaanza kurudi nyuma. Lugano akaruka, akasukumia jiwe nyuma ya tairi. Tajiri naye akashuka kusukuma. Hatua kumi tu, akainama, mikono magotini, anahema.

"Na wewe, tajiri, nani amekuharibu?"

Lugano akanyoosha kiganja, akisubiri funguo.