Moto wa Mwenye Nyumba

Wanawake wa kanisa walikuwa wamemwandalia Nzigire nyumba nzima. Kitanda kilitandikwa, ndoo zilijazwa maji, hata moto ulishawaka jikoni na wali ulikuwa ukitokota. Lakini mkimbizi huyo alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, asiingie.

"Ingia, mwanangu, ni kwako," alisema Mama Ruhama, kiongozi wao.

"Samahani, mama. Kwetu anayewasha moto wa kwanza ndiye mwenye nyumba. Nikiukuta unawaka, nimekuja kama mgeni tu. Nimechoka kuwa mgeni."

"Na wali wangu je?" alinong'ona mmoja.

"Utautafuna hivyo hivyo," alijibu Mama Ruhama. Akaipua sufuria, akachukua ndoo, akaumwagia moto maji.

Jivu likaruka. Wakazoa makaa, wakafagia, wakatoka wote, wakamwachia kiberiti kizingitini.

Nzigire aliingia. Kisha moshi mwembamba ukapenya chini ya paa, na wale walioikandika nyumba ile kwa mikono yao wakavua viatu uani.

Mama Ruhama akakohoa kidogo.

"Hodi," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kufika pale.