Bangili Saba za Mchuuzi wa Chumvi

Bangili ya kwanza ilikwama kwenye kidole gumba. Mke wa mchuuzi akaitupa kitandani, akajaribu ya pili. Zilikuwa saba, zimefungwa kitambaa ndani ya sanduku la mumewe, kila moja kubwa kidogo kuliko iliyotangulia. Zote zimelainika kwa ndani, dalili ya kuvaliwa sana. Hata ya saba haikupita kwenye mkono wake wenye vidole sita, ambao mumewe aliutania kila siku kwamba una kidole cha akiba.

"Kumbe," akasema peke yake. "Mkono wa huyo mwanamke ulikuwa kama njiti, sasa ananenepa. Ananenepa kwa chumvi yetu."

Wivu ukampanda. Sasa aliuelewa ule mwaka wa mvua, miaka minane iliyopita. Chumvi yote iliyeyuka uwanjani, wachuuzi wakarudi kutoka kwenye jiwe la biashara mikono mitupu, lakini mumewe akarudi na magunia matatu ya nafaka. Mtaa mzima ukala, ukamsifu. Yeye alikuwa hoi kwa homa ya uzazi. Hata kichanga chake cha siku tatu, aliambiwa tu kwamba kimekufa, baba mtu akakizika njiani akielekea huko. Nani anampa mwanamume magunia matatu bure, kama si mwanamke?

Jioni akamwuliza, "Hivi kule kwenye jiwe kweli hamwonani na watu wa ng'ambo?"

"Hatuonani. Unajua."

Alijua. Unamwaga chumvi mbichi juu ya jiwe, unapiga ngoma, unajificha nyuma ya kilima. Watu wa ng'ambo wanakuja, wanaweka nafaka, na aliyeridhika anagandamiza kiganja kwenye chumvi kuthibitisha. Ukimchungulia mwenzako, biashara imekufa, na mji wote, kuanzia soko mpaka ukuta, ulijengwa kwa biashara hiyo.

"Mguu wako umevimba," mke akasema. "Msimu huu napeleka mimi."

Mumewe akaacha kula. "Hapana. Bora chumvi ioze."

"Chumvi haiozi, mume wangu."

Alfajiri akaondoka na punda wawili na hasira zake zote. Alikuwa amepanga kila kitu: ataziacha bangili saba juu ya chumvi, huyo mwanamke ajue amejulikana. Akamwaga, akazipanga, akapiga ngoma, akajificha nyuma ya kilima. Moyo ulimwambia achungulie. Akauma kanga yake, akavumilia.

Aliporudi, nafaka ilikuwepo. Bangili zake hazikuguswa. Kando yao iliwekwa ya nane, bado ina joto la mwilini.

Na kwenye chumvi kulikuwa na alama ya kiganja, kidogo mno, cha mtoto. Akapiga magoti, akauweka mkono wake wa kulia juu yake, kidole kwa kidole. Vyote sita vikapata wenzao.