Nailoni ya Chaja

"Waranti imekufa, mama. Hii chaja ilifunguliwa," fundi wa duka la Kitengela alisema, akiisukuma juu ya kaunta. "Kibandiko cha kiwanda kiko wapi?"

Chaja ya Kaluki ilikuwa imeacha kufanya kazi. Bila chaja, gari lake la umeme lingebaki limelala Isinya, na mayai ya wateja yaharibike kwenye trei.

Aliigeuza chaja. Bado ilikuwa imevaa nailoni iliyokuja nayo, vumbi limeifunika yote. Kwao hata rimoti haivuliwi nailoni, na mumewe humcheka kwa hilo.

Aliingiza ukucha pembeni, akavuta polepole.

Kibandiko kiling'aa, bila hata mkunjo.

Fundi alikohoa, akafungua boksi la chaja mpya.

Kaluki alishusha pumzi. "Tafadhali," alisema kwa sauti ndogo, "usiitoe nailoni."